Nasaba ya Kabaila na Jasho la Mkulima: Historia ya Milki ya Bijolia

Karibu na mji mdogo wa Bijolia, katika jimbo la Rajasthan nchini India, pana jabali lililochongwa maandishi ya mwaka 1170. Maandishi hayo yanawataja, mmoja baada ya mwingine, wafalme wa ukoo wa Chauhan waliotawala Ajmer. Aliyeyachongesha ni tajiri mmoja wa dini ya Kijaini aliyejenga hekalu mahali hapo. Miaka 22 baadaye, mwaka 1192, ukoo huo ulishindwa katika vita vya Tarain na enzi yake ikaporomoka. Wafalme waliotajwa jabalini wakatoweka. Wakulima ambao hawakutajwa wakabaki, wakaendelea kulima.

Tunaanza na jabali hili kwa makusudi. Sisi tunaofundisha historia tumezoea kupewa vitabu vilivyojaa orodha za namna hiyo: fulani alimzaa fulani, naye akamrithisha fulani. Mwanafunzi hukariri majina akadhani amejifunza historia. Katika makala hii tutaichukua nasaba ya kabaila mmoja wa Kirajputi na kuiuliza swali moja tu: ni nani aliyeilipia?

Asili ya milki

Makabaila wa Bijolia walikuwa wa ukoo wa Parmar. Mkuu wao wa kwanza, Ashok Parmar, alitoka Jagner akaingia katika dola ya Mewar wakati wa Rana Sanga. Mwaka 1527 Rana huyo alipigana na Babur huko Khanwa, na Ashok alikuwa upande wake. Kwa utumishi huo wa upanga alipewa nchi ya Uparmal, yaani uwanda wa juu unaouzunguka mji wa Bijolia. Ardhi ya namna hiyo iliitwa jagiri, na makao ya mwenye kuimiliki, pamoja na vijiji vyake, yaliitwa thikana.

Wakati wa Rana Amar Singh wa pili (1698-1710) makabaila wa Mewar walipangwa kwa madaraja. Daraja la kwanza lilikuwa na mabwana 16, na bwana wa Bijolia alikuwa mmojawapo. Kila mmoja alikuwa na mahali pake pa kukaa barazani na heshima zake alizostahili. Mwanzoni mwa karne ya 20 milki ya Bijolia ilikuwa na vijiji 83.

Je, ni damu au ni ardhi?

Baadhi ya wanahistoria wamedai kwamba utawala wa Warajputi haukuwa ukabaila hata kidogo, bali ulikuwa udugu wa ukoo tu, mkubwa akiwagawia wadogo zake. James Tod, ofisa wa Kiingereza ambaye kitabu chake juu ya Rajasthan kilitolewa mwaka 1829 na 1832, aliufananisha na ukabaila wa Ulaya. Wengine baada yake wakampinga kwa hoja hiyo ya damu.

Bijolia inatusaidia kuupima ubishi huu. Watawala wa Mewar walikuwa wa ukoo wa Sisodia. Bwana wa Bijolia alikuwa Parmar, mgeni aliyetoka mbali. Kama msingi wa mfumo ungekuwa udugu wa damu, mgeni huyo asingepata nafasi miongoni mwa wale 16. Kilichomfunga kwa Rana ni ardhi aliyopewa na askari aliotakiwa kutoa. Na kilichomfunga mkulima kwake ni fungu la mavuno. Hatusemi kwamba ukoo haukuwa na maana. Ulikuwa na maana kubwa, lakini ulikuwa vazi la uhusiano wa uzalishaji mali, wala haukuwa mwili wake.

Mwaka 1818 Mewar ilitia sahihi mkataba na Kampuni ya Kiingereza ya India ya Mashariki. Tangu hapo vita kati ya mabwana vilikoma, na upanga wa kabaila ukawa pambo. Ile kazi iliyotolewa kuwa sababu ya kupewa ardhi ilikwisha, lakini ardhi haikurudishwa, wala kodi haikupungua. Kabaila sasa alilindwa na mkoloni, hakuhitaji tena wakulima wampende au wamtetee. Alihitaji walipe tu.

Bei ya kila jina

Huko Bijolia kabaila alichukua nusu ya mavuno. Watu wake walipima nafaka uwanjani, au walikisia mazao yakiwa bado shambani, na mkulima hakuwa na sauti juu ya makisio hayo. Juu ya fungu hilo palikuwa na tozo za aina 84, na juu ya tozo palikuwa na shokoa: kazi ya lazima bila ujira.

Mwaka 1897 wakulima, wengi wao wa jamii ya Dhakad, walikutana katika kijiji cha Girdharpura walipokwenda kwenye karamu ya matanga. Waliwachagua wazee wawili, Nanji Patel na Thakari Patel, waende Udaipur kumshitakia Maharana. Ofisa akatumwa kuchunguza. Matokeo yake ni kwamba kabaila, Rao Krishna Singh, aliwafukuza wazee hao wawili kutoka katika milki.

Mwaka 1903 Rao huyo alitoza kodi mpya juu ya ndoa za mabinti. Wakulima walijibu kwa kukataa kuwaoza binti zao. Kwa jamii ile hilo lilikuwa jambo zito sana, kwani heshima ya mzazi ilikuwa katika kumwoza binti yake kwa wakati. Mwishowe Rao alishindwa. Kodi ilifutwa, na fungu lake la mavuno likashuka toka nusu hadi sehemu 2 katika 5.

Mwaka 1906 Krishna Singh alifuatwa na Prithvi Singh. Hapa ndipo swali letu linapopata jibu lililo wazi. Kwa desturi ya Mewar, mrithi alikwenda kwa Maharana kufungwa upanga kiunoni, na kwa heshima hiyo alilipa ada kubwa. Prithvi Singh aliilipa ada hiyo, kisha akawatoza wakulima wake kodi ya kuifidia. Maana yake ni kwamba hata kule kuongezwa kwa jina moja katika orodha ya ukoo kulilipiwa na mtu ambaye jina lake halimo katika orodha hiyo.

Kutoka malalamiko hadi umoja

Mwaka 1913 wakulima, wakiongozwa na Sadhu Sitaram Das, waliacha mashamba bila kulimwa. Mwaka 1916 alifika Vijay Singh Pathik, mwanamapinduzi aliyekuwa akijificha, ambaye jina lake la asili lilikuwa Bhup Singh. Mwaka 1917 ikaundwa Halmashauri ya Uparmal, na Manna Patel akawa mwenyekiti wake. Wakulima walikataa kutoa michango ya Vita Kuu ya Kwanza iliyokuwa ikikusanywa kwa ajili ya Waingereza. Gazeti la Pratap la Kanpur likaitangaza habari yao India nzima.

Mwezi wa Februari 1922 Robert Holland, mjumbe wa serikali ya kikoloni, alifika mwenyewe kutafuta mapatano. Tozo 35 kati ya zile 84 zikafutwa. Ni ushindi mkubwa, lakini haukudumu, kwa sababu milki haikuyatekeleza mapatano hayo kwa ukamilifu.

Milki jirani ya Begun inatupa funzo jingine. Bwana wake, Anup Singh, alipatana na wakulima wake. Wakubwa wa Mewar waliyakataa mapatano hayo, wakayaita ya Kibolsheviki. Tarehe 13 Julai 1923 wakulima waliokusanyika Govindpura walipigwa risasi, na Rupaji na Kripaji Dhakad wakauawa. Kwa hiyo hata kabaila mmoja alipotaka kulegeza, tabaka lake na dola vilimzuia. Tatizo halikuwa ubaya wa moyo wa mtu mmoja.

Kosa la mwaka 1927

Si sahihi kuwasimulia wanafunzi ushindi peke yake. Mwaka 1927, baada ya viwango vya kodi ya mashamba yasiyo na maji kupandishwa, wakulima wa Bijolia waliamua kuyarudisha mashamba hayo kwa pamoja. Waliamini kwamba hapana mtu atakayethubutu kuyachukua. Lakini wenye milki waliwapata watu wengine wa kuyachukua, na silaha ya wakulima ikawageukia wenyewe. Pathik alilaumiwa, naye akauacha uongozi.

Kosa lilikuwa wapi? Umoja wa Bijolia ulisimama hasa juu ya jamii moja, Wadhakad wenye mashamba. Nje ya umoja huo walikuwapo watu waliohitaji ardhi na ambao hawakuwa wamefungamanishwa na mapambano hayo. Mkulima aliye nje ya umoja anaweza kutumiwa na kabaila dhidi ya mwenzake, wala si haki kumwita msaliti kabla ya kujiuliza kama aliwahi kualikwa.

Mwaka 1931 wakulima, Manikya Lal Verma akiwa miongoni mwa viongozi wao, walijaribu kuingia kulima mashamba yao ya zamani, wakakamatwa na kupigwa. Ardhi ilirudishwa kwa mapatano ya mwaka 1941, yaani miaka 44 tangu karamu ile ya Girdharpura.

Hitimisho

Mwaka 1948 Mewar iliunganishwa katika Rajasthan, na Verma huyo huyo aliyewahi kufungwa akawa Waziri Mkuu wa muungano huo. Sheria ya mwaka 1952 ilizichukua jagiri zote, lakini wenyewe walilipwa fidia, na waliachiwa mashamba waliyohesabiwa kuwa wanayalima wenyewe. Majumba mengi ya makabaila wa Rajasthan leo ni hoteli za watalii, na mgeni husimuliwa humo sifa za vita na panga.

Tunajifunza nini? Kwanza, cheo cha kabaila kilitokana na ardhi na kikadumishwa kwa kodi, nasaba ikawa hati ya kukihalalisha. Pili, mkoloni hakuuvunja ukabaila, aliuhifadhi kwa faida yake. Tatu, wanyonge hushinda kwa umoja, na hushindwa pale umoja wao unapoishia mlangoni mwa jamii moja.

Kwa hiyo mwalimu anapoandika ubaoni orodha ya mabwana wa Bijolia, na aache nafasi upande wa pili. Hapo waandikwe Nanji Patel, Thakari Patel, Manna Patel, Rupaji na Kripaji. Na chini yao ibaki nafasi kubwa zaidi kwa ajili ya mabinti wale wa mwaka 1903, ambao subira yao iliipunguza kodi, na ambao majina yao hakuna aliyeyachonga jabalini.