Kung'atuka na Kurithishana Uongozi: Funzo kutoka Nchi ya Pamba



Miaka michache iliyopita niliombwa kukisaidia chama kimoja kidogo cha kijiji, ambacho sitakitaja jina. Mwenyekiti wake alikuwa ameugua ghafla. Daftari la wanachama lilikuwa nyumbani kwake na hati ya kiwanja ilikuwa sandukuni mwake. Benki nako, saini yake ilikuwa ya lazima. Hakuwa mwizi hata kidogo. Alikuwa mtu mwema aliyebeba kila kitu peke yake. Chama kilikaa mwaka mzima bila kununua hata kalamu. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: hivi sisi watu wa Kalemela na Usukuma kwa jumla hatuna historia ya kutufunza jambo hili?

Historia tunayo. Hapo kale, katika sehemu nyingi za Usukuma, mtoto wa mtemi hakumrithi baba yake. Mrithi alitafutwa na wazee miongoni mwa watoto wa dada, nao watoto wa mtemi wakapewa unangwa wa vijiji. Vijana nao walikuwa na nsumba ntale, aliyechaguliwa na wenzake kusimamia kazi zao za pamoja mashambani. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, lakini fikra iliyokuwamo haijafa: suala la nani atafuata lilikuwa na utaratibu wake, tena uliojulikana mapema.

Sasa tutazame ushirika wa pamba, maana wengi wetu tulisomeshwa kwa pamba. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wakulima wa Kanda ya Ziwa walilalamika kwamba wanapunjwa kwenye mizani ya wanunuzi binafsi. Wakaanza kuweka watu wao wenyewe wa kuhakiki uzito. Katika vuguvugu hilo alijitokeza kijana Paul Bomani, ambaye alikuwa amefanya kazi katika ushirika wa wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza. Alikwenda Uingereza, katika chuo cha Loughborough, kusomea mambo ya ushirika. Mwaka 1955 vyama vya wakulima viliungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, naye akawa meneja wake. Katika miaka michache tu muungano huo ulishika biashara ya pamba, ukamiliki vinu vya kuchambulia, na ukahesabika miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika katika Afrika.

Mwaka 1960 Bomani aliitwa kuwa Waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere. Taifa lilimhitaji, na hakuna wa kulaumiwa. Lakini vyama vingi nchini viliondokewa na watu wao hodari wakati huo huo, kabla ya kuandaa wengine wa kutosha. Chuo cha Ushirika Moshi kilianza mwaka 1963 tu, na haja ilikuwa kubwa kuliko wahitimu. Mwaka 1966 kamati maalumu ya Rais ilichunguza ushirika nchini. Iliona kwamba wanachama hawakuelewa mambo ya vyama vyao, watumishi wenye ujuzi walikuwa wachache, demokrasia ilipungua, na siasa iliingilia kazi. Serikali ikaingia kati katika uendeshaji wa muungano wetu, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa nchi nzima. Vilirudishwa kwa Sheria ya mwaka 1982.

Sisemi kwamba kuondoka kwa mtu mmoja ndiko kulikoleta yote hayo. Ninachosema ni kwamba kiongozi hodari anapoondoka, chama hubaki na kile tu ambacho wanachama wanakijua. Kama hawajui kitu, yeyote atakayekuja atawachukulia chama chao.

Upande wa pili tunao mfano wa Mwalimu mwenyewe. Januari 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru, alijiuzulu Uwaziri Mkuu akamwachia Rashidi Kawawa, ili yeye aimarishe TANU. Mwaka 1985 alimwachia Urais Ali Hassan Mwinyi, lakini akabaki Mwenyekiti wa CCM hadi mwaka 1990. Wapo wanaosema alikawia kwenye chama. Hata hivyo nchi ilivuka salama. Neno lenyewe "kung'atuka" alilitoa kwa majirani zetu Wazanaki, kabila lake.

Ndugu zangu, chama chetu cha waliosoma hapa ni kidogo, na mfuko wake wa vitabu ni mdogo. Lakini wako watoto wanaoutegemea. Mwenyekiti wetu amekwisha tuambia kuwa anataka kupumzika. Kwa hiyo nashauri mambo manne. Kwanza, vipindi vya uongozi viandikwe katika katiba. Pili, kila mwenye cheo awe na msaidizi anayeifanya kazi hasa, si wa jina tu. Tatu, daftari, hati na saini za benki visiwe kwa mtu mmoja. Nne, hesabu zisomwe mbele ya mkutano mkuu, wanafunzi wa kidato cha juu wakiwepo, kwa kuwa kesho wao ndio watakaozisoma.

Na mzee wetu akipumzika, asitupwe. Aketi karibu, aulizwe, ila asiamue.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, walisema wahenga. Lakini mhunzi mwenye busara hufua koleo la pili wakati la kwanza lingali zima.