GCC: Kompaila Iliyokombolewa Mara Mbili

Wahenga walinena kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Katika ulimwengu wa kompyuta, kisu hicho huitwa kompaila. Mtaalamu huandika programu kwa lugha anayoweza kuisoma mwenyewe, ilhali mashine hufahamu tarakimu tupu. Kompaila ndiyo mkalimani kati yao: huyageuza maandishi ya mtaalamu kuwa amri za mashine. Anayemmiliki mkalimani huyo anaweza kuamua nani aunde programu, na kwa gharama gani.

Richard Stallman, aliyekuwa mtaalamu katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT nchini Marekani, alilitambua hilo mapema. Septemba 27, 1983, alitangaza mradi wa GNU, wenye lengo la kuunda mfumo mzima wa kompyuta ambao kila mtu angeruhusiwa kuutumia, kuusoma, kuurekebisha na kuwagawia wenzake. Januari 1984 aliacha kazi, chuo kisije kikadai kuwa mmiliki wa jasho lake.

Kwanza alijaribu njia ya mkato. Kwa simulizi yake mwenyewe, aliomba kuitumia kompaila iliyohusishwa na chuo kikuu kimoja cha Amsterdam, Uholanzi, ambacho jina lake lina maana ya Chuo Huru. Alijibiwa kwa kejeli kwamba chuo ni huru, kompaila si huru. Akageukia nyingine, iliyotoka maabara ya Lawrence Livermore huko California, lakini hiyo ilidai kumbukumbu iliyozidi uwezo wa mashine aliyoilenga. Basi akaanza upya, na mwaka 1987 akaitoa kwa umma GCC, kompaila ya lugha ya C.

Haikukawia kuenea. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki nchini Finland, aliitumia kujengea Linux. Kampuni ya Sun nayo ilipoanza kuiuza kompaila yake kando na mfumo wa Solaris, wateja wengi waliikimbilia GCC.

Hata hivyo, mafanikio yalizaa mgogoro. Kazi ilisimamiwa na wachache, na marekebisho ya wataalamu wa nje yalingoja muda mrefu bila kupokelewa. Leseni ilikuwa wazi, lakini mlango wa karakana ulikuwa umefungwa. Mwaka 1997 kundi la wataalamu, wakiwemo wa kampuni ya Cygnus, lilichukua nakala ya GCC na kuanzisha mradi wao, EGCS, uliofanya kazi hadharani. Hawakuhitaji kumwomba mtu idhini, kwani leseni iliyoandikwa na Stallman mwenyewe ilikwisha kuwapa.

Jamii ingeweza kupasuka moja kwa moja. Badala yake, Aprili 1999, Free Software Foundation, taasisi iliyoanzishwa na Stallman, iliukubali EGCS kuwa ndio GCC rasmi, chini ya kamati ya waasi wale wale. Herufi tatu za jina zikabaki, maana ikawa mkusanyiko wa kompaila, kwa kuwa lugha zilizotafsiriwa zilikuwa nyingi.

Stallman alikikomboa chombo kutoka kwa wenye mali. Miaka 10 na ushei baadaye, haki aliyowaachia wengine ilikikomboa tena, safari hii kutoka mikononi mwa walinzi wake.