Kutumia, Kuingia na Kusimamia: Istilahi za Mtambo Ulio Mbali

Mfasiri akikutana na habari za kuendesha kompyuta iliyo mbali, aghalabu hukimbilia maneno "udhibiti wa mbali", na kwa maneno hayo hutaja mambo matatu yasiyofanana. Katika makala haya mafupi tunakusudia kuonyesha kwamba mambo hayo hayakuzaliwa siku moja, na kwa hiyo hayastahili kuitwa kwa jina moja.

La kwanza ni kutumia. Tarehe 11 Septemba 1940 wanahisabati wa Marekani walikutana katika Chuo cha Dartmouth, mjini Hanover. George Stibitz, wa maabara ya Bell, aliwaonyesha teleprinta iliyounganishwa kwa waya na mashine ya kukokotoa iliyokuwa New York. Hesabu zilipigwa chapa huko Hanover, na majibu yakarudi kwa njia hiyo hiyo. Mashine ilitoa huduma iliyoombwa, basi. Aliyeketi kwenye teleprinta hakuwa na mamlaka juu yake.

La pili ni kuingia. Usiku wa tarehe 29 Oktoba 1969 Charley Kline, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alijaribu kuingia katika kompyuta ya Taasisi ya Utafiti ya Stanford, zaidi ya kilomita 450 kutoka hapo. Baada ya herufi mbili tu, kompyuta ya upande wa pili ilikwama. Ilibidi walio kando yake wairekebishe, na baada ya saa moja hivi Kline akafaulu. Hapa pana funzo: anayeingia kwa mbali hutegemea programu za mtambo wenyewe, nazo zikikwama, mlango hufungwa. Mwaka 1995 Tatu Ylönen wa Finland alitunga SSH, baada ya maneno ya siri kuibwa katika mtandao wa chuo kikuu chake. SSH ilitia komeo imara katika mlango huo, lakini haikuweza kuiamsha seva iliyozimika.

La tatu ni kusimamia. Mwaka 1998 makampuni ya Intel, Dell, Hewlett-Packard na NEC yalitangaza kanuni ziitwazo IPMI. Kwa kanuni hizo, ndani ya seva huwekwa kompyuta ndogo ya pili, yenye programu zake yenyewe, ambayo hupata umeme hata seva ikiwa imezimwa, maadamu haijachomolewa. Toleo la mwaka 2001 liliongeza njia ya kuifikia kwa mtandao. Kwa chombo hicho fundi hupima joto, hukagua feni, huwasha na kuzima seva; na vingi vya vyombo hivi humwezesha pia kuona kioo cha seva na kuweka upya mfumo wake pasipo kuondoka kitini.

Je, tofauti hii ni ya wanaisimu tu? La hasha. Tuseme ofisi ya mkoa yaagiza seva, na hati ya zabuni yasema tu "iweze kudhibitiwa kwa mbali". Muuzaji akileta programu ya kuingilia peke yake, hajavunja mkataba. Lakini seva ikikwama usiku, fundi atafunga safari. Kinyume chake ni hatari zaidi. Asiyejua kwamba ndani mna kompyuta ya pili hatabadili neno lake la siri la kiwandani. Mwezi Julai 2013 US-CERT, kitengo cha serikali ya Marekani cha dharura za kompyuta, kilitoa onyo juu ya vyombo hivi, kwa kuwa anayekiteka kimoja hupata uwezo karibu sawa na wa mtu aliyesimama mbele ya mashine.

Twapendekeza basi "utumiaji wa mbali" kwa jambo la kwanza, "uingiaji wa mbali" kwa la pili, na "usimamizi wa mbali" kwa la tatu. Chombo chenyewe twakipendekezea jina "kikesha", wingi "vikesha", kutokana na kitenzi kukesha, kwani hukaa macho wakati mwenzake amelala. Msomaji mwenye neno bora na alilete, nasi tutalipokea kwa furaha. Tunalolikataa ni neno moja kubebeshwa mizigo mitatu, kisha mwandishi wa hati akadhani ameagiza kitu ambacho hakukiagiza.