Kuwasha Diski na Kuiamsha

Tukisema tu kwamba diski “imewashwa”, tunachanganya mambo mawili. Diski ya sahani yaweza kuwa na umeme ilhali sahani zake zimetulia. Kuzianzisha mpaka zifike, tuseme, mizunguko 7,200 kwa dakika ndiko kunakovuta umeme mwingi kuliko kuziendeleza. Kwa hiyo seva yenye diski kadhaa, iwe Meru au Embu, inafaa iziamshe kwa zamu, hasa stima inapopotea na kurudi, au seva hiyo inapotegemea betri za sola.

Wapo watakaosema “kuwasha” kunatosha. Basi utamwagizaje fundi aipe diski umeme lakini aiache ilale? Kuwasha ni kuipa umeme. Kuamsha ni kuizungusha. Tuyatenganishe maneno haya, maana agizo lenye utata laweza kuelemea umeme na kuzima mtambo mzima.