Bonde la Mto Nile: Tangu Kikao cha Dar es Salaam, 1999

Kila tarehe 22 Februari nchi za bonde letu huadhimisha Siku ya Nile, kwa kuwa siku hiyo, mwaka 1999, mawaziri wa maji wa Burundi, Ethiopia, Kenya, Kongo, Misri, Rwanda, Sudan, Tanzania na Uganda walikutana Dar es Salaam na kuunda ushirika wa nchi za Bonde la Mto Nile, NBI. Wapo wanaoipima taasisi hii kwa megawati na mifereji. Mimi naipima kwa haki ya kila mwenye mto kuitwa kikaoni, maana hilo ndilo lililokosekana kwa miaka 70.

Makubaliano ya mwaka 1929 baina ya Uingereza na Misri yaliwanyima watu wa mito na maziwa ya juu ruhusa ya kujenga chochote cha kupunguza maji bila ridhaa ya Cairo. Yale ya 1959 yakagawa mita za ujazo bilioni 55.5 kwa Misri na 18.5 kwa Sudan, wala Ethiopia, kunakotoka zaidi ya asilimia 80 ya maji yanayofika Aswan, haikutengewa hata tone. Hapa ndipo tunapomshukuru Mwalimu Nyerere. Julai 1962, kwa kufuata msimamo wake, serikali ya Tanganyika iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba haifungwi na makubaliano ya 1929. Na katika waraka huohuo, jambo ambalo wengi hulisahau, ikasema iko tayari kuzungumza na majirani juu ya mgawo wa haki kwa wote. Kukataa na kualika vilikwenda pamoja. Wataalamu wa Hydromet, walioanza mwaka 1967 kupima maji ya maziwa makuu, kisha vikundi vya ushirikiano vya Undugu mwaka 1983 na TECCONILE mwaka 1992, waliutunza mwaliko huo hadi ukazaa kikao cha Dar es Salaam.

Yaliyofuata ni mengi: Sekretarieti Entebbe, ofisi za Addis Ababa na Kigali, Sudan Kusini kujiunga mwaka 2012, na umeme wa Rusumo, megawati 80, unaogawanywa kwa Burundi, Rwanda na Tanzania. Mkataba wa Ushirikiano ulianza kutiwa saini Entebbe tarehe 14 Mei 2010. Kifungu kimoja, cha usalama wa maji, hakikuafikiwa, na ndugu zetu wa kaskazini hawakutia saini.

Husemwa kwamba mkataba usio na Misri na Sudan ni nusu mkataba. Hofu ya Misri ni ya kweli, kwani karibu maji yake yote ni ya Nile. Lakini ule wa 1959 ulikuwa na nchi mbili tu, na hakuna aliyeuita nusu. Huu unaagiza matumizi ya haki na kukataza madhara makubwa kwa jirani. Anayeishi mwisho wa mto ndiye anayeuhitaji zaidi, na kile kifungu kimeachiwa Kamisheni ya bonde ikimalize. Burundi, Ethiopia, Rwanda, Sudan Kusini, Tanzania na Uganda zimeuridhia, nao umeanza kutumika tangu tarehe 13 Oktoba 2024. Walio nje waingie, wakakiandike kifungu hicho pamoja nasi.