Uhamisho, Usajili na Fidia ya Mafunzo

Uhamisho wa mchezaji ni tendo la kisheria linalomtoa mwanamichezo kwenye orodha ya klabu moja na kumwingiza kwenye orodha ya klabu nyingine. Tendo hilo lina sehemu tatu: kuondoka, kuandikishwa upya, na malipo yanayoambatana na hatua hizo mbili. Katika Kiswahili cha redioni, magazetini na vijiweni, sehemu ya pili imezimeza nyingine. Mchezaji akitoka Mbeya City kwenda Yanga husemwa kuwa "amesajiliwa Yanga". Miezi ya shughuli hiyo huitwa "dirisha la usajili", kubwa kabla ya msimu kuanza na dogo katikati ya msimu.

Usajili unatokana na neno la Kiarabu linalomaanisha daftari la kumbukumbu. Ndoa husajiliwa, kampuni husajiliwa, laini ya simu husajiliwa. Neno hilo linamtazama anayepokea na kuandika. Uhamisho, unaotokana na kitenzi hama, unatazama pande zote mbili, mtu alikotoka na alikokwenda. Mwalimu akipata uhamisho kutoka Kyela kwenda Rungwe, wazazi wa Kyela wanajua kwamba darasa limebaki bila mwalimu. Tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu sehemu kubwa ya manung'uniko ya mashabiki kuhusu wachezaji na fedha inahusu upande ulioachwa, yaani upande ambao neno usajili haliuonyeshi.

Malipo ya uhamisho nayo yana majina kadhaa, na mara nyingi huchanganywa. Ada ya uhamisho ni fedha ambayo klabu mpya huilipa klabu ya zamani ili mkataba ambao haujaisha ukatishwe kwa makubaliano. Fedha ya usajili ni kiasi anachopewa mchezaji mwenyewe anapotia saini. Kijiweni yote mawili huitwa "dau", na ndiyo maana ubishi kuhusu bei ya mchezaji hauishi: mmoja anataja fedha iliyokwenda kwa klabu, mwingine anataja iliyoingia mfukoni mwa mchezaji. Mchezaji wa mkopo huandikishwa kwingine kwa muda huku mkataba wake wa awali ukiendelea kuwapo. Mchezaji huru ni yule ambaye mkataba wake umekwisha; tangu hukumu ya kesi ya Jean-Marc Bosman mwaka 1995, iliyotolewa na Mahakama ya Haki ya Ulaya, kanuni ya kwamba mchezaji wa namna hiyo anaondoka bila ada imeenea duniani.

Kuna pia fidia ya kuvunja mkataba, inayodaiwa pale upande mmoja unapojitoa bila ridhaa ya mwingine. Tanzania iliijua istilahi hiyo vizuri kupitia suala la Feisal Salum. Desemba 2022 kiungo huyo aliweka shilingi milioni 112 kwenye akaunti ya Yanga akiamini kwamba amejinunua. Shirikisho la soka nchini, TFF, kupitia kamati yake ya sheria na hadhi za wachezaji, liliamua kwamba bado alikuwa mchezaji wa Yanga. Suala likaendelea hadi Juni 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipouomba uongozi wa klabu hiyo ulimalize, na Feisal akaenda Azam. Mashabiki waligawanyika: wengine waliona klabu inamfunga kijana, wengine waliona fedha inavunja ahadi. Kisheria swali lilikuwa jembamba zaidi. Kuweka fedha benki hakuufanyi uhamisho kuwa halali iwapo mwenye mkataba hajakubali na hakuna sababu ya haki ya kuuvunja.

Malipo hayo yote yanahusu klabu ya mwisho au mchezaji mwenyewe. Waliomlea mchezaji akiwa mtoto wana istilahi zao mbili, na hizo ndizo zinazosikika kwa nadra zaidi. Shirikisho la soka duniani, FIFA, liliziingiza katika kanuni zake za uhamisho mwaka 2001.

Ya kwanza ni fidia ya mafunzo. Hulipwa mchezaji anaposajiliwa kwa mara ya kwanza kama mchezaji wa kulipwa, na hugawiwa klabu zilizomfundisha kati ya umri wa miaka 12 na 21. Hulipwa tena anapohamia nchi nyingine kabla ya kumalizika mwaka anaotimiza miaka 23, lakini safari hiyo mdai ni klabu aliyotoka tu. Kiasi hakitokani na bei ya mchezaji. Hutokana na gharama ya mafunzo iliyokadiriwa kwa madaraja ya klabu. Kwa Afrika, daraja la chini kabisa, la nne, limekadiriwa kuwa dola 2,000 kwa mwaka. Kiswahili kimeipatia istilahi hii neno lake halisi: fidia ni malipo ya kilichopotea au kilichotumika, si zawadi wala shukrani.

Ya pili ni mchango wa mshikamano. Huu hutokana na bei. Kila uhamisho wa kimataifa wenye ada hukatwa asilimia 5, na fedha hiyo hugawiwa klabu zote zilizomlea mchezaji tangu mwaka wa miaka 12 hadi wa 23: robo asilimia kwa kila msimu katika misimu minne ya mwanzo, na nusu asilimia kwa kila msimu katika misimu minane inayofuata. Tuseme klabu ya Kyela ilikuwa na mtoto tangu miaka 12 hadi 17. Misimu minne ya kwanza inaipa asilimia 1, na miwili inayofuata asilimia 1 nyingine. Kijana huyo akiuzwa nje ya nchi kwa dola 500,000, klabu ya Kyela inastahili dola 10,000, na akiuzwa tena inastahili tena. Mchango huo haukomi mchezaji anapovuka umri wa miaka 23. Huambatana naye katika kila ada ya kimataifa hadi anapostaafu. Mbwana Samatta alipotoka Genk ya Ubelgiji kwenda Aston Villa ya Uingereza Januari 2020, kanuni hiyo iliwahesabu pia waliomlea Dar es Salaam kabla hajakwenda TP Mazembe mwaka 2011.

Neno mchango lisiwapoteze wasomaji. Mchango wa harusi hutolewa kwa hiari. Huu ni wa lazima, na tangu Novemba 2022 hupitia ofisi maalumu ya malipo ya FIFA inayosoma pasipoti ya mchezaji, yaani orodha ya klabu zote alizosajiliwa tangu utotoni. Kwa uhamisho wa ndani ya nchi, FIFA inataka kila shirikisho liwe na utaratibu wake wa kuzituza klabu zinazolea.

Hapo ndipo usajili, kwa maana yake ya awali ya daftari, unaporudi na nguvu zote. Chukua mfano wa kata ya Ngana, wilayani Kyela, iliyo jirani na Mto Songwe unaotenganisha Tanzania na Malawi. Kama sehemu nyingine za mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, soka lake kubwa ni la mchangani: timu za vijiji, mashindano ya kugombea mbuzi au ng'ombe, na mechi za shule. Mtoto anaweza kucheza miaka sita katika viwanja hivyo bila jina lake kuingia kwenye mfumo wa TFF. Akichukuliwa na timu kubwa akiwa na miaka 18, pasipoti yake huanzia huko. Kisheria hakulelewa Ngana, hata kama kata nzima inajua kwamba alilelewa hapo. Shule nayo haina dai, kwa kuwa mdai lazima awe klabu mwanachama wa shirikisho.

Mpaka unaongeza jambo la pekee. FIFA inakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache. Mojawapo ni ukaribu wa mpaka: nyumbani kwa kijana kusizidi kilomita 50 kutoka mpakani, klabu ya ng'ambo nayo isizidi kilomita 50, umbali kati ya nyumbani na klabu usizidi kilomita 100, kijana aendelee kulala kwao, na mashirikisho yote mawili yaridhie. Kijana wa Ngana anaweza basi kuichezea klabu ya upande wa Karonga, Malawi, kihalali, mradi makaratasi yake yawe sawa. Akivuka daraja bila makaratasi, anaingia katika istilahi nyingine.

Istilahi hiyo ni mamluki. Zamani lilimaanisha askari wa kukodi. Leo michezoni ni mchezaji anayechezea timu asiyostahili kuichezea. Katika UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya shule za msingi na sekondari, mamluki ni yule asiye mwanafunzi wa shule anayoiwakilisha. Katika ndondo, yaani mashindano ya mchangani, ni yule aliyeletwa kwa nauli na posho siku ya fainali. Tofauti na mchezaji aliyehamishwa, mamluki hajaondoka kokote wala hajaandikishwa kokote. Ni malipo peke yake. Ndiyo maana shabiki anayemwita mchezaji wa Simba aliyekwenda Yanga kihalali "mamluki" anatukana tu, hatumii istilahi.

Marekani inaonyesha hali ya tatu: uhamisho usio na fidia. Chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kilianzisha Oktoba 2018 hifadhidata ambayo mwanafunzi anayetaka kuhama huandikwa humo. Kwa Kiswahili yafaa iitwe lango la uhamisho. Tangu Julai 1, 2021 wanamichezo wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina, picha na sura zao. Mwaka 2024 kikomo cha idadi ya kuhama kiliondolewa kwa wanaofaulu masomo, na Juni 2025 mahakama iliidhinisha vyuo viwalipe wanamichezo moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza. Mtanzania Hasheem Thabeet, aliyecheza Chuo Kikuu cha Connecticut hadi 2009 na kuchaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies ya NBA, alipita kabla ya fedha hiyo kuruhusiwa. Mashabiki wa vyuo vidogo sasa wanalalamika kwamba wanalea na wakubwa wanavuna, na mfumo wao hauna asilimia 5 ya kuwarudishia chochote.

Malalamiko hayo ni ya kawaida mkoani Mbeya. Mbeya City ilimaliza ya tatu katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu, 2013/14. Mwaka 2015 Deus Kaseke alikuwa amekwenda Yanga, na kocha Juma Mwambusi akamfuata. Klabu ya Ihefu ya Mbarali ilihama yenyewe: mwaka 2024 ilikuwa Singida, ikaitwa Singida Black Stars. Huko si kuhamisha mchezaji bali leseni ya klabu, na hakuna fidia ya mafunzo inayowagusa waliobaki Mbarali.

Kwa matumizi sahihi, basi, usajili ubaki kuwa tendo la kuandika jina, uhamisho uwe safari nzima, ada iwe bei ya mkataba, na fidia ya mafunzo pamoja na mchango wa mshikamano viwe haki ya aliyelea. Haki hiyo haitegemei ukubwa wa klabu. Inategemea jina la mtoto kuandikwa akiwa na miaka 12, na klabu ya kata isiyoandika haitakuwa na cha kudai.