MALEBA: NGUO ZINAZOBADILIKA KABLA NA BAADA YA ONYESHO LA KWANZA

Wahariri wa gazeti letu wameniomba niandike machache juu ya chama chetu cha michezo ya kuigiza, hasa kwa ajili ya wanafunzi walioko shuleni sasa ambao, naambiwa, wanatayarisha mchezo wa nyimbo na ngoma kwa siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani. Wengine watasimulia habari za waigizaji na makofi waliyopigiwa. Mimi nilikuwa mtunza sanduku, yaani lile sanduku la bati lililokuwa likiwekwa maleba, kwa hiyo nitaandika juu ya nguo.

Maleba ni mavazi na mapambo ambayo mchezaji huyavaa ili watazamaji wamwone kuwa mtu mwingine. Wengi hudhani kwamba nguo hizo zikishakatwa na kushonwa basi kazi imekwisha. La hasha. Nguo ya jukwaani ina maisha ya namna mbili. Kabla ya onyesho la kwanza huwa mikononi mwa mwalimu na fundi cherehani, na wao huifanya wapendavyo. Baada ya onyesho la kwanza watazamaji nao huwa na neno, na aghalabu neno lao ndilo linalotawala.

Jambo hili si geni katika mkoa wetu wa Tanga. Wazee wetu waliocheza beni walilijua kabla hatujazaliwa. Ngoma ya beni ilianzia miji ya pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, mnamo miaka ya 1890, na kabla ya vita vya 1914 vyama viwili vya Marini na Arinoti vilikuwa vimekwisha kujulikana Tanga na Dar es Salaam. Mwanahistoria Terence Ranger, ambaye aliwahi kufundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika kitabu kizima juu ya ngoma hii mwaka 1975. Beni ilikuwa na tarumbeta, ngoma za kizungu, gwaride na vyeo, na zaidi ya yote ilikuwa na sare. Marini walijulikana kwa unadhifu, na Arinoti wakaonekana kuwa watu wa hali ya chini. Kila chama kilitazama wenzao walivyovaa, kikarudi nyumbani kubuni la kuwazidi. Huko Mombasa chama cha Scotchi kilifikia kuvaa sketi za askari wa Uskochi! Na utawala ulipotoka kwa Wadachi ukaenda kwa Waingereza, vyeo na sare za beni navyo vilifuata upepo huo. Serikali ya Waingereza iliwatilia shaka wachezaji hawa, ikataka kujua kama kuna siasa ndani ya gwaride lile. Kwa maoni yangu swali lao halikuwa la kipumbavu. Mtu aliyekatazwa cheo kazini na akakivaa kifuani siku ya Jumapili mbele ya mji mzima, hachezi tu.

Nchi ilipopata Uhuru, jukwaa likawa jambo la serikali. Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya Desemba 1962 alipokuwa Rais, alitangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akalalamika kwamba tunajua kucheza dansi za Ulaya kuliko ngoma zetu. Kikundi cha Taifa cha Ngoma kikaundwa. Sindimba ya Wamakonde, ambayo ina asili yake katika mambo ya jando na unyago, ikafundishwa kila mahali, hata kwa watoto wa Kisambaa na Kizigua ambao mdumange na selo zilikuwa mlangoni mwao. Ngoma ikitoka uwanja wa kijiji ikaenda jukwaani, nguo haiwezi kubaki ilivyokuwa. Kijijini kila mchezaji huja na yake, na watu humzunguka pande zote. Jukwaani watu wako upande mmoja, wamekaa mbali, na kiongozi wa kikundi hutaka mstari mzima ufanane. Ndipo sare zikashonwa.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka, nami nataka wanafunzi walizingatie. Mapema mwaka 1968, mkoani Arusha, Wamasai walisukumwa kuacha lubega na ngeu, wavae suruali na mashati. Oktoba mwaka huo huo, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia tarehe 1 Januari 1969 sketi fupi, wigi na suruali za kubana zikapigwa vita katika miji. Kwa hiyo msichana wa Dar es Salaam aliambiwa kwamba nguo yake ni ya kizungu mno, na Mmasai akaambiwa kwamba yake si ya kisasa. Wakati huo huo mavazi ya asili yalipigiwa makofi yalipovaliwa jukwaani mbele ya wageni. Vazi lililosifiwa juu ya mbao lilimletea mwenyewe taabu barabarani. Sijasikia maelezo ya jambo hili yaliyoniridhisha.

Sasa nifike kwetu. Niliingia Kidato cha Kwanza mwaka 1979, vita vya Kagera vikiwa ndio vinamalizika, na wenzangu wa miaka ile watakumbuka hali ya nguo ilivyokuwa. Khanga ilipangiwa foleni. Kitambaa kikifika dukani asubuhi, saa nne hakipo. Mwaka 1981 chama chetu kiliamua kucheza Kinjeketile, mchezo wa Ebrahim Hussein uliochapishwa mwaka 1969, nasi tukautia nyimbo na ngoma kati ya maonyesho. Mchezo unahusu mwanzo wa Vita vya Maji Maji, kwa hiyo ulihitaji wanakijiji, mnyapara, Mzungu wa shamba na askari wa Kijerumani. Mwalimu wetu alichora maleba yote kwa penseli katika daftari la mraba, picha nzuri sana. Katika michoro ile wanawake walivaa vitambaa vya magome ya miti na wanaume walivaa shuka nyeupe.

Mazoezi yalipoanza michoro ile ikaanza kupukutika. Magome hayakupatikana, tukachukua magunia. Korogwe ni nchi ya katani. Mwaka 1964 Tanzania nzima ilitoa takriban tani 230,000, na ingawa mwaka 1981 mashamba yalikuwa yamekwisha kudorora, gunia bado lilipatikana kuliko kitambaa. Lakini gunia la katani huwasha ngozi, na mchezaji anayejikuna hawezi kuimba. Kijana mmoja aliruka katika ngoma ya kwanza ya mazoezi na gunia likambaki shingoni kama mbuzi aliyenaswa. Basi magunia wakaachiwa wabeba pamba tu, wanawake wakavalishwa vitenge vya Urafiki walivyoazima kwa dada zao, na askari wakapata kaptura zetu za shule za kaki na kofia nyekundu za tarabushi zilizotengenezwa kwa boksi na kitambaa cha pazia. Hayo ndiyo maleba yaliyoonekana siku ya onyesho la kwanza katika bwalo la shule. Wazazi walipiga makofi, na mwalimu akaona kazi imekwisha.

Wiki mbili baadaye tukaalikwa Mpale. Mimi ni mtoto wa huko, kwa hiyo nilikabidhiwa kazi ya kutangulia na sanduku. Tulicheza uwanjani usiku kwa taa mbili za karabai, na watu walikuwa wengi. Mchezo ulipokwisha wazee hawakuondoka. Babu mmoja, ambaye alikuwa kijana mdogo Waingereza walipozichukua Korogwe na Handeni mwezi Juni 1916, alimwita mwalimu mbele ya watu wote akamwambia, “Mwalimu, hao askari wako ni wa harusi. Askari wa Mdachi tuliwaona kwa macho. Kofia ilivikwa mfuko wa kaki, na kitambaa kikamwangukia kisogoni, asichomwe na jua. Nyekundu kama hiyo ungemwona kutoka mlima wa pili ukakimbia.”

Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. Kisha bibi mmoja akauliza wale wanawake waliovaa maua ni wa mwaka gani. Mwalimu akajibu ni wa mwaka 1904. Bibi akasema, “Mwaka huo maua hayo yalitoka wapi? Mama zetu walivaa kaniki, na aliyekuwa na merikani alijiona.”

Mwalimu alikuwa mtu mzima, akasema, “Ahsante Bibi, tutabadilisha.” Tatizo ni kwamba tulikuwa tumeombwa kucheza tena kesho yake kwa watu wa vitongoji vya mbali, na kaniki hatukuwa nayo hata moja. Asubuhi nilitumwa kupita nyumba kwa nyumba kuazima. Shikamoo zangu zilipokewa vizuri, na nyumba kadhaa zilitoa. Lakini mama mmoja, rafiki wa mama yangu, alinitazama kwa muda mrefu akasema, “Mwanangu, kaniki hii mama yangu alilimia mashamba ya watu. Mnataka kwenda kuichekesha?” Nikamwambia kwamba katika mchezo huu hakuna wa kuchekwa. Akaniuliza atakayeivaa atafanya nini nayo. Nikamweleza kuwa atasimama kumlilia mumewe aliyepelekwa kwa nguvu shamba la pamba. Akaingia ndani, akanitolea, akaniambia ataketi mbele ili aione.

Askari walivikwa mifuko ya kaki iliyokatwa katika shati kuukuu. Wanawake wakatoka katika kaniki. Na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo mchoraji yeyote wa maleba analijua na sisi tulikuwa hatulijui: mwanga wa karabai hauna huruma na nguo nyeusi. Zilimezwa na usiku! Watu waliona nyuso na mikono tu inayotembea hewani. Katika onyesho la Kinjeketile kupandwa na Hongo, watu walishika pumzi, maana lilikuwa la kutisha kweli kweli. Lakini katika onyesho la kilio cha wake, waliokuwa nyuma hawakuona nani anaanguka na nani amesimama. Mwalimu alikaa usiku ule na fundi wa hapo kijijini wakashona ukanda mwembamba wa merikani kwenye pindo la juu, nao ukafungwa kwa hatamu tu ili kaniki za watu zisiharibike. Michoro ya kwanza ya penseli na maleba ya onyesho la tatu havikuwa na hata kipande kimoja kinachofanana, ila kofia ya Mzungu.

Nilipokuja kusoma habari za Kamiriithu, karibu na Limuru nchini Kenya, niliona kwamba wenzetu walikuwa wamekwenda mbali kuliko sisi. Mchezo wa Ngaahika Ndeenda wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977, lakini mazoezi yake yalifanywa wazi, kila mtu akipita, akitazama na kusahihisha. Wazee walirekebisha lugha na nyimbo kabla ya onyesho la kwanza, si baada yake. Serikali ikaupiga marufuku mwezi Novemba mwaka huo huo. Mchezo wao wa pili, Maitu Njugira, ambao karibu wote ni nyimbo, haukupata onyesho la kwanza kabisa: Februari 1982 walikuta milango ya Jumba la Taifa la Michezo mjini Nairobi imefungwa, wakaendelea na mazoezi Chuo Kikuu mbele ya maelfu ya watu mpaka hapo nako wakazuiwa. Mwezi Machi polisi walibomoa jukwaa lao la Kamiriithu. Hayo ni maleba yaliyojulikana kwa mazoezi tu.

Wakubwa wa London na New York nao hawaepuki haya, ingawa wana fedha. Mchezo wa nyimbo uitwao The Phantom of the Opera ulifunguliwa London mwezi Oktoba 1986. Mabango yake yanaonyesha barakoa ya uso mzima, lakini ukienda kutazama utaona mchezaji amefunika nusu ya uso tu, kwa sababu barakoa nzima ilizuia sauti na sura. Nao The Lion King, ambao majina yake mengi yametoka katika lugha yetu, ulionyeshwa kwanza Minneapolis mwezi Julai 1997, ukarekebishwa, ndipo ukafunguliwa New York mwezi Novemba. Katika sinema ya mwaka 1994 Rafiki ni dume. Julie Taymor alipoubuni kwa jukwaa alimfanya mwanamke, na vazi likabadilika lote. Kinyago cha simba alikiweka juu ya kichwa ili uso wa mtu uonekane chini yake. Mwaka 1998 alipata tuzo mbili za Tony, ya uongozaji na ya maleba.

Kwa wanafunzi wa chama cha sasa ninayo maneno ya mtunza sanduku. Fanyeni zoezi moja zima kwa taa zile zile mtakazotumia, na mmoja wenu akae nyuma kabisa. Msikate nguo ya kuazima. Fungeni kwa hatamu. Andikeni jina la mwenye nguo, siku iliyotolewa na siku iliyorudi. Daftari langu la mwaka 1981 ninalo bado. Lina majina ya kaya kumi na moja za Mpale, na mbele ya kila jina imeandikwa “imerudi”, isipokuwa moja. Yule mama aliyeketi mbele alikataa kuichukua. Alisema mchezo bado una vijiji vingine vya kupita, tutamrudishia ukiisha. Tulicheza mara nne zaidi, na chama kilipovunjika kwa mitihani ya Kidato cha Nne nilimpelekea mwenyewe. Wakati huo pindo lilikuwa limefifia kwa jasho, akalitazama, akaikunja.

Michoro ya penseli ya mwalimu wetu haikuonekana tena baada ya mwaka 1983. Mwenye daftari lile, au mwenye picha yoyote ya safari ya Mpale, tafadhali aje nayo siku ya mkutano aikabidhi maktaba ya shule.